Saa Yako, Saa ya Nasri, na Ile Saa Kumi

Kwako Baba Fatuma, uliyelazwa ugenini,

Usianze kunihesabia makosa ya mwandiko. Wewe ndiwe uliyenisukuma niende gumbaru, mtu mzima na mtoto mgongoni, nikakalishwa kwenye dawati la darasa la kwanza magoti yakinigonga kidevu. Nilifika katikati ya kitabu cha pili, mwalimu akahamishwa. Kwa hivyo utasoma nilivyoweza, na leo nina neno refu.

Kwanza nikwambie lile ambalo sijapata kukwambia hata kwenye dua. Siku uliyokufa mimi nilikuwa nacheza.

Ilikuwa harusi ya Mwanaidi, binti wa dada yako Zuhura, kule Kisauni. Wewe ulikuwa na miezi saba baharini. Siku ya kumi na moja baada ya harusi alikuja kule Mtongwe, kabla sijahamia huku Magongo, mtu wa kampuni ya meli na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya Kiingereza, na saa yako ya mkono. Akanisomea nikiwa nimesimama mlangoni: moyo ulisimama, melini, Jumamosi, saa kumi alasiri; Waislamu wa bandari iliyofuata, Korea, wamekuosha na kukuzika. Sikulia. Nilihesabu. Jumamosi ile saa kumi alasiri nilikuwa katikati ya ua wa Zuhura, leso kiunoni, wanawake wamenizunguka kwa vigelegele, nami nacheka mpaka nimelegea.

Basi nikajua. Ulipokuwa ukivuta pumzi ya mwisho uliniita, maana ungemwita nani mwingine, nami sikusikia kwa ajili ya ngoma.

Miaka thelathini na miwili nimekaa na hilo. Harusi sijakanyaga hata moja. Ya Fatuma wetu nilijifungia jikoni na masufuria, watu wakasema mama wa bibi harusi ana kiburi. Wacha waseme. Na Mwanaidi, mtoto asiyekosa kitu, sijamshika mkono tangu siku ile. Akija kunizuru nasema kichwa chaniuma. Anakaa mlangoni kidogo, anaacha mkoba wa matunda, anakwenda zake.

Saa yako nimeivaa mimi miaka yote hii. Mkanda ulinizidi, nikautoboa tundu jingine kwa msumari. Nikiivua siku mbili inazimika, nikiivaa inaanza kutembea tena yenyewe, na mpaka leo sijazoea jambo hilo. Kila asubuhi niliisikiliza kwanza kabla sijasikiliza watu. Fundi wa Magongo aliifungua mgongo mara kadhaa akaitia mafuta. Uso nikamkataza. Nilimwambia ukigusa huku mbele nitakufuata mpaka kwenu.

Wakumbuka siku uliyokuja nayo? Tulikuwa bado na chumba kimoja, na dirisha halina pazia nimetundika shuka. Ulikaa kitandani na viatu, jambo nililokukataza mara mia, ukanipa mkono wako kama daktari anavyopewa. Saa ilikuwa ya mkono wa pili, ulinunua kwa afisa wa meli aliyekuwa anastaafu. Nikaitazama. Mshale wa saa, wa dakika, wa sekunde, haya. Kisha mwekundu, mrefu, una kichwa cha pembetatu, umesimama mahali ambapo hapakuhusu kitu. Na nje ya kioo pete nyeusi yenye namba mpaka ishirini na nne.

“Huu mwekundu wa nini?” nikakuuliza.

“Ni wa saa pia. Ila huu wazunguka mara moja tu kwa usiku na mchana.”

“Kwa hivyo una saa mbili kwenye mkono mmoja.”

“Ndiyo.”

“Mwanamume asiyetosheka na saa moja, kesho ataniletea mke mwenza.”

Ulicheka mpaka kitanda kikalia. “Wewe mwanamke una mambo! Sikiliza. Mishale yote ni ya meli. Meli ikibadilisha saa nami nabadilisha, maana zamu haingojei mtu. Lakini pete hii ya nje ni yako. Naizungusha, mpaka namba inayoguswa na huu mwekundu iwe ni saa ya Mtongwe.”

“Saa ya Mtongwe ndiyo ipi tena? Jua si lile lile?”

“Lile lile, lakini halitutokei pamoja.”

“Nenda huko na uongo wenu wa mabaharia,” nikakwambia, nikaenda kutia chai.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, sitamtupia mtu. Ulinipa ufunguo mkononi nikausukuma kando kwenda kutia chai. Kwangu mimi saa kumi ni saa kumi: adhana ya alasiri imelia, jua limeelemea, watoto wanatoka madrasa. Nani angefikiri saa kumi ya mtu mwingine ni asubuhi kwangu? Mtu wa kampuni alisoma alivyosoma, nami nikapokea nilivyopokea, na hakuna hata mmoja mtaani, si imamu, si mwalimu, si ndugu zako waliokwenda meli, aliyesema hebu ngojeni.

Sasa nikwambie habari ya Nasri. Hujamwona. Ni mtoto wa Fatuma, ana ndevu zake, yuko ofisi ya kutoa mizigo kule Kipevu, na ana maradhi ya saa. Wengine wana maradhi ya wanawake, huyu ni saa. Anazo sita ndani ya sanduku lenye mito, mito ya saa! Mimi nalalia mto wa sufi uliogandamana, saa zake zina mito ya mahameli. Jumapili iliyopita akaja na rafiki yake, Bwana Musyoka, mtu wa bara aliyezeeka hapa Changamwe, naye mkusanyaji wa saa za zamani. Aliingia na viatu mpaka kwenye mkeka nikamtazama miguu, akarudi kuvivua bila kuambiwa. Nikamsamehe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula.”

“Basi utakula tena. Kaeni.”

Walikuwa na ubishi wao. Nasri amenunua saa mpya, ya kisasa, nayo ni ya nyakati mbili kama yako. Musyoka asema saa za sasa hazina roho. Nasri asema roho haisomi saa. Wakasema waje waziweke pamoja, yako na yake, waamue. Kwa hivyo nilivua yako nikaiweka kwenye kitambaa cha meza, nayo mpya ikawekwa kando yake. Nilikuwa nimejitayarisha kuicheka hiyo mpya. Nitakwambia kweli, sikuicheka.

Pete yake si ya bati lililopakwa rangi kama yako. Ni kauri, kama kikombe cha wageni, inang'aa, na Nasri asema hata ikichomwa jua miaka hamsini haipauki. Kioo chake alikikwaruza kwa kisu mbele yangu, nikapiga ukelele, wala hakikuwa na alama. Kisha akavuta kile kifundo cha pembeni kidogo, akakizungusha, na mshale wa saa peke yake ukaruka mbele, saa nzima, tk, ukakaa. Tk tena. Sekunde haikusita. Dakika haikujua. Mwekundu ulibaki pale pale, unashika saa ya nyumbani kama mtu aliyeambiwa asiondoke.

“Subhanallah,” nikasema. “Rudia.”

Akarudia. Nikamwambia arudie mara ya tatu.

“Waona, bibi? Ukishuka kwenye ndege waruka saa mbili, tatu, basi. Ile ya babu ukitaka kubadilisha wakokota kila kitu, mwekundu nao wafuata, halafu ndiyo uanze kuhangaika na pete.”

“Nimeona. Sina macho ya kuku.” Lakini nilikufikiria wewe, ndani ya injini, mikono ya mafuta, kila meli ibadilishapo saa wakokota mishale yako dakika kwa dakika, kisha waitafuta Mtongwe kwa kidole gumba. Mara ngapi? Kwa miaka yote ile, mara ngapi ulinitafuta hivyo, nami natia chai?

Musyoka hakuwa anaangalia ile mpya hata kidogo. Alichukua yako kwa ncha za vidole, akatoa kikuzio akakipachika jichoni. Nje lori zilikuwa zinapita kwenda bandarini na nyumba inatetemeka kama kawaida, yeye hasikii.

“Mama,” akasema, “hii pete ilikuwa nyeusi?”

“Nyeusi tititi.”

“Sasa ni kijivu, kama majivu ya jiko. Hii haifanywi na kiwanda. Hii imefanywa na jua na chumvi. Na hizi nukta za kung'aa gizani zilikuwa nyeupe, zimekuwa rangi ya samli. Wakusanyaji wanalilia kitu kama hiki.”

“Ndiyo nataka niipeleke ikasafishwe,” Nasri akasema. “Ipigwe msasa, pete mpya, kioo kipya, bibi aivae ikiwa kama ilivyokuwa.”

“Usithubutu!” Musyoka alisema hivyo kwa sauti ya kumgombeza mjukuu wangu ndani ya nyumba yangu, nami nikampenda kwa hilo. Akajaribu kuizungusha pete kwa kidole. Haikwenda. Akajaribu tena. “Imeganda na chumvi. Nani amewahi kuigeuza tangu mzee afariki?”

“Hakuna. Ilikuja hivyo kwenye bahasha. Siku ya kwanza nilijaribu kuifuta, pete haikusogea, nikaiacha.”

“Ilikuja hivi? Alama ya mwanzo ikiwa huku pembeni?”

Akanionyesha. Kile kipembetatu kinachotakiwa kukaa juu kabisa, kwako kimelala upande wa kulia, pale penye saa tisa. Mimi nilikuwa nakiona siku zote. Nilidhani ndivyo ilivyoundwa.

“Mama, mzee alikufa wapi?”

“Baharini. Kabla ya Korea. Saa kumi alasiri.”

“Saa kumi ya wapi?”

Nilitaka kumjibu vibaya. Midomo ilikuwa tayari. Kisha nikaona Nasri ameacha kuchezea saa yake.

“Bibi,” akasema taratibu, “ile karatasi iko wapi?”

Iko kwenye msahafu, wapi kwingine. Akaenda kuitoa. Akaisoma, akampa Musyoka, naye akaisoma. Nikawaambia nisomeeni basi, si mimi ndiye mjane? Nasri akasoma: kumi na sita kamili, kwa saa ya meli.

Kwa saa ya meli. Mtu wa kampuni hakunisomea maneno hayo. Au alisoma, sikusikia, Mungu ajua; nilikuwa nahesabu.

Musyoka akaomba radhi kwanza, kisha akavuta kifundo cha saa yako. Aliikokota mishale polepole mpaka ikasimama saa kumi kamili ya alasiri, ile saa yako ya meli. Mwekundu ukafuata, ukateremka upande wa kushoto, ukasimama na kichwa chake kwenye pete. Hakuisoma yeye. Alinigeuzia.

“Kama pete ilikuwa ya nyumbani, mama, soma. Lakini kuna watu hufanya kinyume, mishale wanaiacha nyumbani na pete inakuwa ya safari. Hilo mimi siwezi kujua. Ni nani anajua mzee alikuwa anafanyaje?”

Ni mimi, Baba Fatuma. Katika dunia hii yote ni mimi tu, kwa sababu ulikaa na viatu kitandani ukaniambia.

“Mishale ni ya meli,” nikasema. “Pete ni yangu.”

Nikainama. Namba iliyokuwa mbele ya mwekundu ilikuwa kumi, ile inayoandikwa kumi na sisi twaisoma saa nne. Saa nne ya asubuhi.

“Inakubaliana na bahari ya kule,” Nasri akasema. “Wako mbele yetu saa sita.”

“Siwezi kuapa,” Musyoka akasema. “Lakini chumvi hii haidanganyi. Na ingekuwa ni saa ya kisasa, mama, siku ile ya kwanza ulipoivaa na kuiweka sawa na saa ya hapa, hesabu yote ingefutika. Mishale ingerudi pamoja, basi. Hii iliihifadhi huku nje.”

Niliwaambia wanywe chai, nikaenda chumbani nikakaa chini, si kitandani. Saa nne asubuhi. Harusi haijaanza. Ngoma haijaletwa. Nilipokuwa nacheza wewe ulikuwa umeshapumzika saa sita nzima. Nilikuwa nimeogopa, si kwa ubaya, nimeogopa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba aliyoishi akakuta kuna chumba kingine.

Kisha likaja swali jingine la kunisumbua. Saa nne asubuhi ile nilikuwa nafanya nini? Sikukumbuka! Miaka yote nimeishika saa kumi tu, asubuhi nimeitupa. Nikajiuliza labda nilikuwa nimelala. Labda nilikuwa nagombana na mtu, maana najijua.

Basi jana nikaenda Kisauni kwa wifi yangu Zuhura. Miguu yaniuma lakini nilikwenda. Yuko vile vile, amepungua mwili, ulimi haujapungua.

“Leo jua limetoka wapi? Mwenye kichwa kinachouma amekuja kwangu!”

“Wifi, sikuja kwa maneno. Nataka unikumbushe kitu.”

“Nikukumbushe ulivyomsusa mwanangu baada ya kuila harusi yake?”

“Nikumbushe asubuhi yake. Saa nne. Nilikuwa wapi?”

Nikavua saa, nikamweleza yote, pete, mshale, chumvi, saa ya meli. Hakunikatiza, na Zuhura kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Nilipomaliza akajitanda leso vizuri.

“Ulikuwa uani kwangu,” akasema. “Wanawake tulikuwa kumi na watatu, twamenya vitunguu thaumu vya pilau. Wewe humenyi, wapiga soga. Vichwa viko wazi, tuko wenyewe kwa wenyewe. Mara ukaingia jikoni kutafuta kisu. Ukiwa kule ndani ukamwigiza kaka yangu. Ile hodi yake ya kutoka safari, ile nzito, ya kuamsha mtaa. ‘Hodiii! Wenyewe mpo? Nimechoka na maji!’ Wallahi, wifi, ilikuwa ni sauti yake hasa. Wanawake waliruka! Huyu avuta leso, huyu ajifunika ungo, bi mkubwa wa jirani akatia kichwa ndani ya sufuria. Nami nikapiga kelele, ‘Karibu kaka! Karibu!’ Nikakimbilia mlangoni kumpokea. Nikakukuta wewe na kisu chako, wacheka. Nilikasirika nusu nikupige.”

“Saa nne?”

“Mwenye kuleta nyama aliahidi saa nne, na alikuwa ameingia muda ule ule, naye akajibanza ukutani kwa aibu. Saa nne.”

Zuhura alianza kulia kwanza, kisha mimi, wazee wawili hatuna haya, mpaka Mwanaidi akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Hata yeye ana mvi sasa. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia unisamehe, harusi yako haikuwa na kosa, ilikuwa harusi nzuri, na pilau yake sijala tena mfano wake. Alinilalia begani kwa uzito wake wote, na si mwembamba.

Leo saa yako nimempa Nasri, maana sina tena la kuisikilizia, akaapa mbele ya Musyoka kwamba msasa hautaigusa wala pete haitageuzwa. Ile yake mpya alitaka kunipa mimi badala yake, nikaikataa, ingawa nimemwambia awe akija nayo niione ikiruka. Ni kitu cha ajabu, siwezi kusema uongo.

Nilikuwa nadhani uliniita nisisikie. Kumbe wakati ule ule ulipovuta pumzi ya mwisho kule melini, wewe ulifika Kisauni. Sauti yako ilipiga hodi uani, wanawake kumi na watatu wakajitanda kwa ajili yako, dada yako akakwambia karibu. Lala salama, mume wangu. Ulikaribishwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Fatuma
Magongo